Kuoga katika Luama na Lualaba: bilharzia inaingia namna gani, na tunaikata wapi

Saa sita, masomo yanatoka. Jua ni kali. Watoto wanaacha madaftari kwenye majani, wanavua mashati, wanaruka mtoni. Pembeni yao mama anasugua nguo juu ya jiwe, mwingine ameloweka mihogo, kijana anaosha pikipiki yake. Kila mtu aliyekulia Kasongo ao Kabambare anajua picha hii. Kule Goma ao Bukavu kuko watu wanaolipa kuingia pisini ya hoteli. Kwa wengi wetu, pisini ni mto.

Mto una raha yake, lakini una ugonjwa mmoja ambao tunauzoea mpaka tunasahau kuwa ni ugonjwa: bilharzia. Tanzania wanauita kichocho. Nchini mwetu unajulikana tangu zamani. Mwaka 1934, munganga Fisher aliandika juu ya aina moja ya bilharzia aliyoikuta upande wa Yakusu, karibu na Kisangani, kwenye mto huu huu wetu kule unakoshuka. Na mwaka 1985, wakati Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu, watafiti walichapisha kazi yao juu ya bilharzia ya matumbo katika maeneo yetu ya migodi.

Ugonjwa unatoka kwa mtu, unarudi kwa mtu

Wengi wanafikiri maji yenyewe ndiyo yanazaa bilharzia. Sivyo. Mwanzo wake ni mtu mgonjwa anayekunya mtoni ao kandokando, na mvua inasukuma uchafu ndani ya maji. Katika mavi yake kuko mayai ya mdudu. (Kuko pia aina inayotoka kwa mkojo.) Mayai yakifika majini yanapasuka, kadudu kadogo kanatoka, kanatafuta konokono wa maji. Kisipompata, kanakufa.

Kikimpata, kanaingia ndani yake na kuzaana. Kisha majuma kama 4 mpaka 6, konokono anaanza kumwaga vidudu vipya majini. Kadudu kamoja kalikoingia kanaweza kuzaa maelfu. Hivi huwezi kuviona kwa macho. Vinapita katika ngozi nzima, hata kama huna kidonda, na dakika chache zinatosha. Hauhitaji kunywa maji. Kuingiza miguu tu ili uteke bido ya maji inatosha.

Ndani ya mwili vidudu vinakua, dume na jike wanakaa pamoja ndani ya mishipa ya damu karibu na matumbo. Wanaweza kuishi miaka mingi, na jike anataga mayai kila siku. Mayai mengine yanatoka na mavi. Yale mengine yanabaki yamekwama ndani ya ini na matumbo, na hayo ndiyo yanaharibu mwili.

Alama za kuangalia

Siku za kwanza mtu anaweza kuwashwa na ngozi. Kisha majuma machache, wengine wanapata homa, kikohozi na uchovu. Hapo wengi wanasema ni malaria. Baadaye tumbo linauma, kunakuja kuhara, na damu katika mavi. Hapo tunasema ni amibe, tunanunua vidonge sokoni, damu inakauka kidogo, kisha inarudi.

Mtoto mwenye bilharzia anakosa damu, anachoka, hakui vizuri, na masomo yanamshinda. Wazazi wanasema ni mvivu. Ikikaa miaka mingi bila dawa, ini na wengu vinavimba, tumbo linajaa maji, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Kufikia hapo familia nyingi zimekwisha kutafuta mchawi. Tunasema wazi: tumbo kubwa la namna hii mara nyingi lina jibu katika labo, na jirani hajaloga mtu.

Kupima na kutibu

Bilharzia ya matumbo inapimwa kwa mavi, chini ya mikroskopu. Kama jibu la kwanza halionyeshi kitu na alama zinaendelea, omba kupima tena siku nyingine, sababu mayai hayatoki sawasawa kila siku.

Dawa yake inaitwa praziquantel. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mfano, mtoto wa kilo 30 anapata miligramu 1.200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600. Anakula kwanza, kisha anameza. Anaweza kusikia kizunguzungu ao tumbo kuuma, na hiyo inapita. Mama mwenye mimba aseme kwanza kwa munganga. Wakati timu ya afya inapita masomoni kugawa dawa hii, inapima urefu wa mtoto kwa fimbo ili kujua vidonge vingapi. Mzazi asimfiche mtoto siku hiyo.

Lakini jambo moja lazima lieleweke vizuri: praziquantel inaua wadudu wakubwa walio mwilini. Haiui vizuri wale wachanga walioingia juzi, na haikingi mtu kesho. Mtoto akimeza Jumatatu na kurudi mtoni Jumanne, anaweza kuambukizwa upya. Dawa inamponya mtoto, haiponyi mto.

Tukate wapi?

Mnyororo huu una sehemu tatu: mavi, konokono na ngozi. Ukikata moja, zingine zinalegea.

*Choo.* Hapa ndipo penye nguvu zaidi, na hapahitaji dawa ya kutoka Kinshasa. Choo kiwe mbali na mto, na kitumiwe na kila mtu, hata watoto wadogo. Kwa wachimba zahabu ni jambo kubwa zaidi: upande wa Salamabila na kwingine, watu wanashinda na miguu ndani ya maji, na mashimo ya zamani yanayojaa maji yaliyosimama ni nyumba nzuri ya konokono. Uwanja wa kuchimba usio na choo unawarudishia wachimbaji wenyewe ugonjwa.

*Mahali na saa.* Konokono hawa wanapenda maji yanayotulia, yenye majani na matope. Maji yanayokimbia yana hatari ndogo, ingawa hatari haiishi, na mto unaokimbia unazamisha watu. Tena, vidudu vinatoka kwa wingi wakati jua liko juu, kama saa nne mpaka saa tisa mchana. Ni zile saa watoto wetu wanaruka majini. Kama lazima kuingia, asubuhi mapema ni afadhali.

*Maji ya nyumbani.* Vidudu hivi havimalizi siku mbili bila kuingia kwa mtu. Maji ya kuoga yakikaa ndani ya pipa lililofunikwa saa 48, bila konokono ndani, hayaambukizi tena bilharzia. Ukiyachemsha, ni vizuri pia. Lakini kwa kunywa, kuweka siku mbili haitoshi: kolera na tifoidi zinapita kwa mdomo, kwa hiyo chemsha ao tia klori.

*Buti.* Anayefua, anayechimba ao anayelima mpunga, buti za mpira zisizotoboka zinakinga miguu. Kujikausha haraka na kitambaa kunaweza kusaidia kidogo, lakini usitegemee hiyo peke yake.

Na ukienda pisini?

Pisini inayotunzwa ina klori, na klori inaua vidudu vya bilharzia. Haimalizi kila kitu lakini. Mdudu mmoja wa kuhara, kriptosporidia, anaweza kuishi siku nyingi ndani ya maji yenye klori. Ndiyo maana sheria ni zile zile: oga na sabuni kabla ya kuingia, usikojoe ndani, usimeze maji, na mwenye kuhara abaki nje mpaka apone kabisa. Ile harufu kali inayochoma macho, watu wanasema ni alama ya usafi. Mara nyingi ni klori iliyochanganyika na jasho na mkojo.

Tofauti ni hii: pisini ina mtu anayelipwa kupima maji. Luama na Lualaba hazina mtu huyo. Hatuwezi kuwaambia watu wa Kabambare waache mto wakati bomba hakuna. Tunaweza kuanza na yale yaliyo mikononi mwetu: choo katika kila kiwanja, watoto waoge asubuhi, na mtoto anayekunya damu apelekwe kituo cha afya juma hili, asingoje tumbo livimbe.