Kuvunja Fedha: Msafiri na Sarafu Yake katika Afrika ya Mashariki

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kazi moja. Mtu aingiaye nchi ya watu na fedha ya kwao mfukoni husema kwamba anakwenda kubadili fedha, au kwamba anakwenda kuvunja fedha. Neno la pili lina ukweli mwingi kuliko la kwanza. Kubadili ni kutoa kitu na kupata kingine cha kadiri yake. Kuvunja ni kukifanya kitu kizima kuwa vipande, na mwenye kuvunjiwa ajua kwamba vipande havirudi vyote mkononi mwake. Hata jina la sarafu, ambalo siku hizi twalitumia kwa kila kipande cha fedha cha madini, limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubadilisha fedha. Asili ya jina hilo, basi, ni tendo baina ya watu wawili, wala si kitu kilicholala katika kasha.

Insha hii yakusudia kueleza jinsi msafiri wa Afrika ya Mashariki alivyovunja fedha yake tangu karne ya 19. Katika habari hiyo limo swali moja ambalo wanafunzi wa historia ya uchumi hulipita upesi: kwa nini palikuwa na muda wa karibu miaka hamsini ambapo msafiri hakuwa na haja ya kuivunja, na kwa nini muda huo ulikwisha?

Mgeni aliyeshuka Unguja katika siku za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alikuta soko lililozoea fedha za mataifa mengi. Kubwa yao ilikuwa reale ya Sham. Jina lake lilitaja Sham, lakini fedha yenyewe ilikuwa ya Austria, yenye sura ya Malkia Maria Theresa na tarehe ya mwaka 1780, nayo tarehe hiyo haikugeuzwa hata katika zile zilizopigwa miaka mia baadaye. Maana wapokeaji walikuwa wameizoea sura hiyo, na mpiga fedha mwenye akili hagusi kitu kilichokwisha kuaminiwa. Ilikuwapo pia reale ya Hispania, yenye nguzo mbili ubavuni, na watu walioziona nguzo hizo wakadhani ni mizinga ya vita, wakaiita reale ya mzinga. Chini ya reale palikuwa na pesa za shaba kutoka India. Bei ya kuvunja reale moja kwa pesa haikutulia hata kidogo: pesa zikiadimika mjini, reale ilivunjwa kwa pesa chache; chombo kikishusha shehena ya pesa, ilivunjwa kwa nyingi. Mwaka 1882 Sayyid Barghash alipiga pesa zake mwenyewe zenye picha ya mizani, lakini reale za kigeni hazikuondoka kwa sababu hiyo.

Mpaka hapo mambo hayakuwa magumu. Mgeni mwenye barua ya benki ya Ulaya au hundi ya mfanya biashara wa Bombay aliweza kupata reale kwa matajiri wa Kihindi wa Forodhani, nao walijua thamani ya kila fedha iliyopita baharini. Ugumu ulianza ng'ambo ya pili, katika Mrima, msafiri alipoelekeza uso wake bara. Kadiri alivyoiacha pwani nyuma, ndivyo reale yake ilivyozidi kuwa kipande cha madini cha kufulia mapambo. Ilimpasa kuvunja fedha yake yote kabla ya kuondoka, naye aliivunja kwa vitu vitatu: nguo, ushanga na masango, yaani nyaya za shaba.

Nguo iliyotangulia zote ni merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa na merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts. Kutoka kwa walioileta ndiko lilikotoka jina. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulifanywa mwaka 1833, na kwa miaka mingi baada yake merikani ilikuwa fedha halisi ya bara. Ilihesabiwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na jora zima lilikatwa njiani kwa kadiri ya haja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, wenye misafara walilazimika kutumia nguo za Uingereza na India. Mwanamke aliyeuza unga Tabora hakuwa na habari ya vita hivyo, lakini vilimfikia vile vile, katika nguo aliyopewa.

Ushanga ulikuwa na matata zaidi. H. M. Stanley alipotengeneza msafara wake Unguja mwaka 1871 alilazimika kujifunza somo hilo upya, na katika kitabu chake cha safari ile aeleza kwamba ushanga mwekundu ulipokewa Unyamwezi, ambako aina nyingine zilikataliwa. Ushanga mweusi ulikuwa fedha Ugogo lakini haukuwa kitu kwa watu wengine. Na ule mkubwa ulioitwa sungomaji ulitakiwa Ujiji, wala si kwingine. Ilimpasa akadirie mwezi gani atakuwa wapi, atakaa siku ngapi, na watu wake watakula kiasi gani, kisha anunue ushanga wa kila nchi kwa hesabu hiyo. Akikosea, alibakiwa na magunia ya fedha isiyonunua hata kuku mmoja. Richard Burton, aliyepita njia hiyo tangu mwaka 1857, asimulia kwamba ushanga mwekundu wa samisami ulipewa majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na ya kuvunja mji, kwa jinsi watu walivyoupenda.

Waandishi hao wa Ulaya walizoea kusema kwamba tofauti hizi zilitokana na upuuzi wa mitindo: leo wenyeji wataka rangi hii, kesho ile. Kwa maoni yangu hawakuyatazama mambo sawasawa. Mgogo aliyekataa ushanga mwekundu hakuwa na chuki na rangi nyekundu. Alijua kwamba jirani yake hataupokea atakapokwenda kununua jembe au mbuzi. Muuza duka wa London aliyewekewa mbele yake noti ya Urusi angefanya vivyo hivyo, wala hakuna ambaye angemwita mpuuzi.

Fedha hii ilikuwa na tabia moja ambayo fedha ya leo haina. Ilikuwa nzito. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili sabini, na msafara mkubwa ulihitaji watu wengi ambao kazi yao ilikuwa kubeba mfuko wa bwana mmoja. Watu hao walitaka posho kila siku, na posho ililipwa kwa nguo na ushanga ule ule walioubeba. Mfuko uliwalisha wenye kuuchukua. Kwa hiyo safari ya fedha kutoka Bagamoyo hadi Tabora iliila fedha yenyewe, hata kabla ya kutajwa hongo iliyotozwa na watemi wa Ugogo, ambao walimiliki maji njiani na walijua vema msafiri mwenye kiu hawezi kubishania bei.

Jambo lililonivuta kuandika habari hizi liko mwisho wa njia hiyo, Ujiji. Katika soko la mji ule ulio ufukweni mwa Tanganyika fedha ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, vipande vyenye sura ya mkono wa kiko uliovunjika, vilivyotungwa katika nyuzi. Wageni waliofika huko waliona watu ambao kazi yao ilikuwa kuvunja fedha tu. Asubuhi walikaa na mafungu yao ya sofi, wakawapa waliokuja sokoni na nguo. Soko lilipokwisha walizinunua tena sofi kwa wale waliobakiwa nazo. Bei ya nguo kwa sofi ilipanda na kushuka siku kwa siku. Hapakuwa na serikali iliyopanga bei hiyo, wala sanduku la dhahabu lililoitegemeza. Palikuwa na soko, na watu wenye kujuana. Mtu asemaye kwamba biashara ya kubadili fedha ililetwa kwetu na mabenki ya Ulaya hajasoma habari za Ujiji.

Zama za rupia nitazipita upesi. Waingereza walitumia rupia ya India katika himaya zao. Wajerumani wakapiga rupia yao wenyewe tangu mwaka 1890, wakaigawa kwanza kwa pesa 64 na baadaye kwa heller 100. Nchini Buganda simbi za kauri ziliondoka sokoni polepole, lakini jina lao halikuondoka, maana hata leo Mganda huita fedha ensimbi. Kabla ya vita vya 1914 rupia kumi na tano zilikuwa pauni moja. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na mwaka 1920 serikali ya London ikaamua kwamba rupia kumi ndizo pauni. Mkulima wa Kenya aliyeuza kahawa yake London kwa pauni alipata rupia chache kuliko zamani, na deni lake katika benki ya Nairobi likabaki na idadi ile ile ya rupia. Kelele za walowezi zilikuwa kubwa. Ikaletwa florini, haikudumu. Na kufikia mwaka 1922 shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imeshika mahali pake, ishirini kwa pauni moja, katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Unguja iliacha rupia yake mwaka 1936, ikaingia katika shilingi kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia.

Hapo ndipo ulipoanza muda ule niliouuliza. Mtu aliweza kupanda garimoshi Mombasa, akashuka Kampala, akavuka ziwa hadi Mwanza, akateremka kwa reli hadi Dar es Salaam na kuvuka kwa meli hadi Unguja, na noti aliyoanza nayo ikapokewa kila mahali bila kupungua hata senti. Hakuna msafiri wa kabla yake aliyepata raha hiyo.

Yatupasa lakini kuuliza raha hiyo ilinunuliwa kwa nini. Noti ile ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London hadi mwaka 1960. Kwa miaka mingi kanuni yake ilikuwa nyepesi: shilingi zilitoka pale tu pauni zilipowekwa Uingereza kuwa dhamana yake. Serikali za huku hazikuweza kuongeza wala kupunguza fedha kwa mahitaji ya wakulima wao, na akiba ya watu maskini ilikaa katika hati za mkopo za nchi tajiri. Fedha ilikuwa moja kwa sababu mwenye amri alikuwa mmoja, naye hakuwa mmoja wetu. Wale waisifiao shilingi ya zamani kama kwamba ilikuwa tunda la udugu wetu wasahau sehemu hii.

Uhuru ulipokuja, swali likawa nani atakayerithi amri hiyo. Mwezi wa Juni 1963 viongozi watatu, Nyerere, Kenyatta na Obote, walitangaza Nairobi nia yao ya kuunda shirikisho. Shirikisho halikuundwa, na bila serikali moja hapakuwa na wa kuiongoza benki moja. Mwezi wa Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake, na mwaka 1966 shilingi tatu zikatoka badala ya moja. Mwanzoni msafiri hakuhisi mengi. Mkataba wa Ushirikiano uliotiwa sahihi Kampala mwaka 1967 uliagiza noti za nchi tatu zivunjwe sawa kwa sawa, bila ada. Lakini usawa wa noti ulidai usawa wa siasa, nao haukuwapo: Tanzania ilikuwa imetaifisha mabenki baada ya Azimio la Arusha, Kenya ikashika njia nyingine. Uganda iliweka vizuizi vya fedha dhidi ya jirani zake mwaka 1970, Tanzania ikafuata mwaka 1971. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983.

Katika miaka hiyo msafiri alirudi katika hali ambayo mwenye msafara angeitambua. Fedha iliyokuwa nzuri Moshi haikununua chai Voi. Aliyetaka kwenda ng'ambo aliomba kibali cha fedha za kigeni katika benki kuu, akangoja. Asiyeweza kungoja alimwendea mlanguzi usiku, kwa bei mbali kabisa na ile ya benki. Kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi Kenya, maana mkulima alitaka shilingi itakayopokewa na mtu wa pili, kama vile Mgogo alivyotaka ushanga mweusi. Nchini Tanzania serikali iliwasaka walanguzi kwa nguvu mwaka 1983, lakini bei ya mtaani haikufa. Mwaka 1992 sheria mpya iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na kazi iliyokuwa kosa ikaandikwa mlangoni kwa rangi.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Tarehe 30 Novemba 2013 wakuu wa nchi wanachama walitia sahihi Kampala itifaki ya umoja wa fedha, wakaweka mwaka 2024 kuwa mwisho wa safari hiyo. Mwaka huo ukapita, na tarehe ikasogezwa hadi 2031. Masharti ya itifaki ni ya hesabu: mfumuko wa bei, nakisi ya bajeti, deni la taifa, akiba ya fedha za kigeni. Lile swali la mwaka 1963, la nani atakayeamuru na nani atakayetii, haliingii vizuri katika masharti ya namna hiyo. Abiria wa basi litokalo Nairobi kwenda Arusha bado hushuka Namanga, hugonga mhuri katika paspoti, kisha huwakuta vijana wenye mafungu ya noti mkononi, wakitaja bei ya siku.