Shellac: Albamu iliyotoka siku 10 baada ya kifo cha kinara wake

ALBAMU ya sita ya kundi la Shellac kutoka Chicago, Marekani, ilitolewa Mei 17, 2024 kwa jina To All Trains. Siku kumi kabla ya hapo, Mei 7, kinara wa kundi hilo, Steve Albini, aliaga dunia kutokana na mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 61.

Mashabiki walikuwa wameingoja albamu hiyo kwa miaka kumi, tangu kundi hilo lilipotoa Dude Incredible mnamo 2014. Habari za tanzia zilipotangazwa, tarehe ya kuitoa ilikuwa imekwisha kujulikana na haikubadilishwa. Ziara ya kuitambulisha, iliyokuwa ikiandaliwa, ndiyo iliyofutika.

Shellac ilikuwa kundi la roki ya kelele, tawi la muziki lililokua katika miji ya Marekani miaka ya themanini. Katika roki ya kelele mngurumo, mkwaruzo na mlio mkali wa gita si kasoro za mitambo. Ndizo malighafi ya wimbo. Anayeusikia muziki huo kwa mara ya kwanza hudhani spika imepasuka. Makundi ya Sonic Youth na Swans yaliusimamisha jijini New York. Huko Chicago, jina lililotajwa kwanza lilikuwa Big Black, kundi ambalo Albini alilianzisha mnamo 1981.

Albini alizaliwa Pasadena, California, mnamo Julai 1962 na kukulia Missoula, katika jimbo la Montana. Alienda Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kusomea uanahabari, na taaluma hiyo haikupotea bure kama itakavyoonekana. Big Black haikuwa na mpigangoma. Ilitumia mashine, na mashine hiyo iliorodheshwa miongoni mwa wanamuziki kwa jina Roland, ambalo ni jina la kampuni iliyoiunda. Kundi hilo lilivunjika mnamo 1987 likiwa kwenye kilele cha sifa zake.

Shellac ilianza mnamo 1992, Albini akiwa mpigagita na mwimbaji, naye Todd Trainer akiwa kwenye ngoma. Baadaye walijiunga na Bob Weston, mpigaji wa gita la besi aliyekuwa pia fundi wa kurekodi. Watatu hao hawakubadilishana nafasi wala kuongeza mtu wa nne kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jina Shellac ni la utomvu unaotolewa na wadudu fulani wa bara Asia, ambao zamani ulitumiwa kutengenezea santuri. Santuri za aina hiyo, nzito na rahisi kuvunjika, ndizo alizorekodi Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mnamo 1928. Wazee wa Pwani waliopata kuziona hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kilichoitofautisha Shellac na makundi mengine ni uamuzi wa mapema kwamba muziki wake hautakuwa riziki ya mtu yeyote. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Albini alirekodi wanamuziki wengine, na Weston, pamoja na kazi hiyo hiyo, alishiriki kuanzisha Chicago Mastering Service, kampuni inayozipa rekodi sura ya mwisho kabla hazijachapwa. Trainer aliishi Minneapolis, mwendo wa takriban kilomita 650 kwa barabara. Walikutana walipopata nafasi, wakacheza walikotaka kucheza na kurekodi nyimbo zilipoiva.

Matokeo yake ni orodha fupi ya albamu: At Action Park ilitoka 1994, Terraform 1998 na 1000 Hurts mnamo 2000. Baada ya hapo ilipita miaka saba kabla ya Excellent Italian Greyhound ya 2007, ambayo jina lake linamhusu mbwa wa Trainer, na miaka saba mingine hadi Dude Incredible. Msanii anayetegemea albamu kulipia kodi ya nyumba hawezi kukaa kimya kwa muda kama huo. Kampuni kubwa isingemruhusu.

Shellac haikuwahi kuwa chini ya kampuni kubwa. Albamu zake zilitolewa na Touch and Go, kampuni ndogo ya Chicago iliyojulikana kwa makubaliano ya ana kwa ana: gharama zikisharudi, faida hugawanywa nusu kwa nusu kati ya kampuni na wanamuziki.

Albini aliyaeleza maoni yake kuhusu kampuni kubwa katika makala aliyoyaandika mnamo 1993 kwenye jarida la The Baffler. Alichukua kundi la kubuni lililouza nakala 250,000 za albamu yake, akakokotoa pesa zilikokwenda. Kwa hesabu yake, kampuni ya kurekodi ilibaki na dola 710,000. Mtayarishaji, meneja, wakili na wakala wakachukua fungu lao. Kila mwanamuziki wa kundi hilo akaambulia dola 4,031 na senti 25, huku akiendelea kuwa na deni kwa kampuni. Msomaji aliyezoea malalamiko ya wanamuziki wa Kenya kuhusu mirabaha hataona jipya hapo isipokuwa ukubwa wa tarakimu.

Mwaka huo huo alipata nafasi ya kuonyesha kwamba hakuwa akisema tu. Nirvana, wakati huo kundi maarufu kupita kiasi, lilimwomba alirekodi albamu yake ya tatu, In Utero. Kwa desturi, mtayarishaji wa albamu kama hiyo hupewa asilimia ya mauzo, na huendelea kulipwa albamu inapoendelea kununuliwa. Albini aliwaandikia barua kuikataa asilimia hiyo. Alitaka kulipwa kama fundi wa mabomba: afanye kazi, alipwe thamani ya kazi, aondoke. Katika barua hiyo alikadiria kwamba iwapo nakala milioni tatu zingeuzwa, asilimia ya kawaida ingemletea takriban dola 400,000, na akasema pesa kama hizo zingemnyima usingizi. Alilipwa dola 100,000 kwa mkupuo mmoja.

In Utero ilirekodiwa Februari 1993 katika studio ya Pachyderm, jimbo la Minnesota, kwa muda wa majuma mawili hivi, naye Weston wa Shellac akiwa fundi msaidizi. Kampuni iliyokuwa na mkataba na Nirvana haikufurahia sauti yake, na nyimbo kadhaa zikapelekwa kwa fundi mwingine zichanganywe upya. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani na kuuza mamilioni ya nakala. Albini hakupata hata senti moja ya ziada.

Msimamo huo aliushikilia kwa kila aliyemrekodi, na walikuwa wengi. Rekodi alizozifanyia kazi zilipita elfu moja. Pixies na PJ Harvey wamo, na pia makundi yasiyojulikana nje ya mtaa wao ambayo yalikusanya pesa kidogo kidogo. Alikataa kuitwa mtayarishaji. Kwenye majalada alipendelea iandikwe tu kwamba yeye ndiye aliyerekodi, au jina lake lisiandikwe kabisa. Mnamo 1997 alifungua studio yake, Electrical Audio, ambako kazi iliendelea kufanywa kwa kanda za sumaku muda mrefu baada ya studio nyingi kuhamia kwenye kompyuta. Alitandaza maikrofoni kuizunguka ngoma na nyingine mbali nayo ili chumba chenyewe kisikike.

Inafaa kuutaja upande mwingine pia. Katika ujana wake Albini alitafuta sifa kwa kuudhi. Aliandika na kuimba mambo ya kuwadhihaki wanyonge, na kundi lake la pili, kati ya Big Black na Shellac, alilipa jina la kutusi lisilofaa kuchapishwa hapa. Wengi wa rika lake walisubiri mambo kama hayo yasahaulike. Yeye, kuanzia 2021, alikiri hadharani kwamba aliyafanya kutokana na ujinga wa mtu aliyekuwa salama asiyejua maumivu ya wengine, na kwamba anawajibika. Hakudai kuwa nyakati zilikuwa tofauti.

Alikuwa pia mcheza karata hodari. Katika mashindano makuu ya dunia ya poka mjini Las Vegas alishinda taji mnamo 2018 na kutuzwa dola 105,629, kisha akashinda tena mnamo 2022 na kupata dola 196,089. Mtu aliyekataa mirabaha ya Nirvana hakuwa na kinyongo na pesa zilizopatikana mezani kwa akili na bahati.

Jukwaani, Shellac haikufanana na makundi mengi ya roki. Ngoma ziliwekwa mbele, katikati, si nyuma, na watatu hao wakasimama kwenye mstari mmoja. Albini aliufunga mkanda wa gita kiunoni badala ya kuutundika begani, na kukwaruza nyuzi kwa kipande cha shaba, jambo lililoupa mlio wake ukali kama wa bati linalokatwa. Nyimbo zilijengwa juu ya ngoma nzito za kurudiarudia, kisha zikanyamaza ghafla hadi hadhira ikadhani zimekwisha. Nyuzi za gita zilipohitaji kukazwa, Weston aliwaalika watazamaji waulize maswali. Waliuliza lolote, na majibu yalichekesha kuliko ilivyotarajiwa kwa wanaume wenye muziki wa kutisha namna hiyo.

To All Trains ilirekodiwa kwa mtindo ule ule wa kuiba nafasi. Vipindi vilikuwa vinne, kila kimoja siku chache za mwisho wa juma, hapo Electrical Audio: Novemba 2017, Oktoba 2019, Septemba 2021 na Machi 2022. Katikati ya vipindi hivyo janga la corona lilipita. Nyimbo kumi zilizopatikana hazifikishi nusu saa zikijumlishwa.

Ni albamu nyepesi zaidi, kwa maana ya kuwa na ucheshi, kuliko zilizoitangulia. Wimbo mmoja unawahusu watu wanaozunguka wakiokota vyuma vikuukuu ili wakaviuze. Mwingine, Scabby the Rat, umepewa jina la panya mkubwa wa kujazwa hewa ambaye vyama vya wafanyakazi nchini Marekani humsimamisha nje ya majengo ya waajiri wanaozozana nao, desturi iliyoanzia eneo la Chicago. Chaguo hilo halishangazi: mada ya nani anafanya kazi na nani anakula jasho lake ilimshughulisha Albini tangu ile hesabu ya 1993.

Wimbo wa kumi na wa mwisho unaitwa I Don't Fear Hell, yaani siogopi jehanamu. Katika siku zilizofuata mazishi, wengi waliusikiliza kama wosia. Usikivu huo unaeleweka ila hauna msingi, kwa sababu kipindi cha mwisho cha kurekodi kilifanyika zaidi ya miaka miwili kabla ya kifo hicho, wakati mwimbaji akiwa bado kazini kila siku na akijiandaa kwa mashindano yale ya karata. Ulivyoimbwa, ni wimbo wa mzaha wa mtu mzima anayetaniana na marafiki zake.

Siku albamu ilipotolewa, nyimbo zote za Shellac ziliwekwa kwa mara ya kwanza kwenye huduma za kusikilizia muziki kwa njia ya intaneti, ambazo kundi hilo lilikuwa limezikwepa kwa miaka mingi. Studio ya Electrical Audio iliendelea kupokea wateja.

Majuma machache baadaye, tamasha la Primavera Sound mjini Barcelona, Uhispania, ambako Shellac ilitumbuiza karibu kila mwaka kwa muda mrefu, liliipa moja ya majukwaa yake jina la Steve Albini. Makundi mengine yalipanda na kupiga hapo hadi usiku wa manane.