Panya Hamsemei Kifaru: Juu ya Seli Shina za Viinitete na Mahali pa Kuzichunguza

Mwenye kupita Shauri Moyo, Nairobi, asubuhi, akiiacha Barabara ya Jogoo na kushika njia iendayo soko la Burma, hakosi kumwona mama aliyepanga mayai yake katika trei, ya kisasa upande mmoja na ya kienyeji upande wa pili. Likivunjwa yai la kuku aliyefugwa pamoja na jogoo, likamiminwa taratibu katika kisahani, juu ya kiini chake cha manjano huonekana kidoa cheupe kisichozidi punje ya mtama kwa upana. Kidoa kile ndicho kuku mwenyewe katika mwanzo wake: maelfu ya seli zilizokwisha kugawanyika yai lilipokuwa lingali tumboni, na nyingi kati yao hazijafungwa bado kuwa mfupa, wala damu, wala unyoya. Seli za hali hiyo, zenye uwezo wa kuwa kiungo chochote cha mwili, zikitolewa katika kiinitete na kukuzwa katika maabara bila ya kupoteza uwezo wake, ndizo ziitwazo seli shina za viinitete.

Imekuwa dhana ya wengi, hata miongoni mwa waliosoma, ya kwamba ilimu ya seli hizi ni moja kwa wanyama wote, na ya kuwa siri ikishafumbuliwa kwa mmoja imefumbuliwa kwa jamii nzima, hata iwe hapana haja kwa nchi zetu kujishughulisha nayo ila kungoja matunda yake kutoka ng'ambo. Dhana hiyo si sahihi, na kosa lake si dogo. Kwani historia ya ilimu yenyewe inashuhudia ya kuwa kila mnyama amelinda siri yake, na aliyetaka kuijua imembidi amwendee mnyama yule yule.

Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman huko Cambridge, na Gail Martin kwa njia yake huko San Francisco, walifaulu kukuza seli shina za viinitete vya panya mdogo wa maabara. Ungetazamia ya kuwa panya mkubwa, aliye jamaa yake wa karibu, angefuata baada ya mwaka au miwili. Lakini ilipita miaka 27, hata 2008, ndipo seli zake zilipopatikana kwa uthabiti. Nyani wa jamii ya rhesus alitangulia mwaka 1995, na binadamu mwaka 1998, kwa kazi ya James Thomson na wenzake katika Wisconsin. Ng'ombe alikawia mpaka 2018, na nguruwe akaja nyuma yake. Sababu moja yafaa kuelezwa kwa utulivu. Panya mdogo anyonyeshaye, akishika mimba nyingine, kizazi chake huweza kukisimamisha kiinitete kipya kisipachikwe wala kuendelea kukua mpaka watoto wa kwanza watakapopunguza kunyonya. Na kiinitete kilichozoea kungoja namna hiyo huonekana kuwa na seli zilizo tayari kungoja katika kisahani cha maabara pia. Evans na Kaufman walivitumia viinitete vilivyocheleweshwa. Fauka ya hayo, protini iitwayo LIF, inayozidumisha seli za panya katika utoto wake, haitoshi kuzidumisha za binadamu. Basi ile iliyodhaniwa kuwa kanuni ya uhai wote, kwa sehemu kubwa ilikuwa tabia ya panya.

Mfano ulio wazi zaidi haupo Cambridge, bali Laikipia, safari ya saa chache kwa gari kutoka hapa Eastlands. Mwezi wa Desemba 2009 vifaru weupe wanne wa kaskazini, Sudan, Suni, Najin na Fatu, waliletwa hifadhi ya Ol Pejeta kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Ucheki. Wenzao waliokuwa wakiishi huru katika Garamba, kaskazini mashariki ya Kongo, walimalizwa na majangili katika miaka ya vita. Suni alikufa 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa Machi 19, 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Tangu Agosti 2019 madaktari wa mradi wa BioRescue, unaoongozwa na taasisi ya Leibniz ya Berlin kwa ushirikiano na Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na wengineo, wamekuwa wakiwatia usingizi wa dawa na kuyavuta mayai yao ya uzazi kwa sindano ndefu, na tangu 2021 Fatu peke yake; mayai hayo husafirishwa siku ile ile kuelekea Cremona, Italia, yakatungishwe kwa manii ya madume waliokwisha kufa. Viinitete vilivyopatikana vyote ni vya Fatu, na vimehifadhiwa katika nitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Hapa ndipo seli shina zinapoingia, kwani mama mmoja hawezi kuwa asili ya taifa zima la wanyama lenye afya. Mwaka 2018 wataalamu hao walitangaza kuzipata seli shina kutoka viinitete vya kifaru mweupe wa kusini. Na mwaka 2022 kundi la Katsuhiko Hayashi wa Japani lilizichukua seli za Nabire, jike wa kaskazini aliyekufa 2015, zilizokwisha kurejeshwa katika utoto wake, likazipeleka mpaka daraja la kwanza la seli zitakazozaa mayai na manii. Katika kazi ile ilibainika ya kwamba jeni iitwayo SOX17 ina dhima kubwa kwa kifaru kama ilivyo kwa binadamu, ilhali kwa panya haina nafasi hiyo. Lau watu wale wangaliifuata njia ya panya hatua kwa hatua, wangalipotea.

Wapo wasemao ya kuwa hayo ni mambo ya wenye fedha, na ya kuwa mtaa uliojengwa zamani kama wetu, wenye mabomba yasiyotoa maji kila siku, una haja zilizo mbele ya kifaru. Sidharau neno hilo; nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Lakini hao hao hununua nyama Burma, na bei ya nyama ile ina mizizi katika maradhi ya ng'ombe. Huko Kabete, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, alizaliwa dume la ng'ombe wa Boran aitwaye Tumaini, aliyetokana na seli za kijusi kwa njia ile ya kunakili kiumbe iliyomzaa kondoo Dolly mwaka 1996, na habari zake zikachapishwa 2016. Makusudio yalikuwa kuandaa njia ya kuwatia ng'ombe jeni ya nyani inayowakinga na nagana, maradhi yaletwayo na mbung'o. Panya wa Cambridge hana habari ya nagana. Katika taasisi hiyo hiyo, kwa ushirikiano na taasisi ya Roslin ya Uskoti, hushughulikiwa pia seli za uzazi za kuku wa kienyeji, zinazotolewa katika kiinitete cha siku chache na kugandishwa, ili mbegu iliyozoea jua na maradhi yetu isitoweke kwa kupendwa kuku wa kisasa. Basi yule mama wa mayai ana haki zaidi katika ilimu hii kuliko anavyoambiwa.

Ninalodai ni kwamba maadamu mnyama ni wa hapa na siri yake haipatikani ila kwake, basi maabara ya kuzikuza seli zake, ghala la kuzihifadhi, na vijana wa kuzisoma, viwe hapa pia. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya mwaka 2014, inayotaka faida za urithi wa viumbe zigawanywe kwa uadilifu. Lakini faida iliyo kubwa kuliko fedha ni ujuzi wa mikono, nao haugawanywi kwa mkataba. Daktari Mkenya amlazaye Fatu kwa dawa ana ujuzi adhimu. Nataka awepo na mwenzake wa Nairobi alipokeaye yai lile chini ya darubini, kabla halijapanda ndege.

Na mahali pana hukumu yake hata baada ya maabara kumaliza kazi. Septemba 2023 kifaru jike wa kusini aitwaye Curra alipandikiziwa hapo Ol Pejeta mimba iliyotungwa kwa yai la Ubelgiji na manii ya Austria. Mwezi wa Novemba, mvua kubwa zilipoifurikia ardhi na kuviamsha vijidudu vya Clostridium vilivyolala udongoni, Curra akafa. Ndani yake kilikutwa kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4, kilichokuwa kikikua vema. Mimba ya kifaru ni miezi takriban 16. Najin alizaliwa 1989 na Fatu 2000, na wataalamu wana haraka mtoto wa kwanza azaliwe wawili hao wakiwa hai, apate kujifunza kwao namna ya kulisha, kugaagaa matopeni na kukaa na wenzake, mambo ambayo hayakuandikwa katika seli yoyote iliyogandishwa.