Mavazi ni Historia ya Kazi

Wazo la kujenga makumbusho ya mavazi ya asili linapozuka, kada hana budi kuuliza kwanza: yatamfundisha mwananchi nini? Sitalike, kijiji kilicho kando ya Mto Katuma, ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Wageni hupita hapo kutazama viboko. Tukitundika vazi la wazee ili mgeni alipige picha na kuondoka, tutakuwa tunaendeleza kazi ya mkoloni.

Tuanze na historia. Kabla ya ukoloni, wananchi wa magharibi walijivika nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Ufipa, kusini mwa hapa, wakulima walilima pamba, wakaisokota kwa mkono na kuifuma kwa mitambo ya mbao waliyojitengenezea. Huo ulikuwa uzalishaji mali kamili, tangu shamba hadi nguo.

Nani aliua ufumaji huo? Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na nguo za merikani zikamiminika Zanzibar, zikapelekwa bara kwa misafara ya pembe na watumwa. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipozipunguza, mabepari wa Uingereza na wa Bombay wakalidaka soko. Kisha Wajerumani wakawalazimisha wakulima wa kusini-mashariki kulima pamba ya kuuza Ulaya, dhuluma iliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Pamba ikatoka, nguo ikaingia, na mfumaji akageuka mnunuzi.

Baada ya Uhuru tulifungua kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hata hivyo tujikosoe: katika miaka hiyo hiyo tulifanya kampeni ya kuwavua Wamasai mavazi yao kwa jina la maendeleo. Tulimpima ndugu yetu kwa kipimo cha mkoloni.

Leo sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje kabla ya kufumwa, nasi tunavaa mitumba. Kwa hiyo makumbusho yatakayofaa Sitalike yaweke gome na nyundo yake, pamba na mtambo wake, na kando yake jora la merikani. Wazee wawafundishe vijana kusokota na kufuma. Kijana akitoka humo akiuliza kwa nini pamba yetu haifumwi hapa, makumbusho yatakuwa yametimiza wajibu wake.