Stempu za Kale za Ufuo wa Kisumu: Utambuzi na Hali Yake

Mkusanyaji wa stempu huthamini usafi. Stempu isiyotumika, yenye gundi kamili, meno yasiyokatika na picha iliyokaa sawasawa katikati, ndiyo aiwekayo mbele. Iliyopigwa muhuri mzito huhesabiwa kuwa imeharibika. Kipimo hiki chafaa sokoni. Lakini katika historia ya Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mara nyingi hupotosha. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Kwanza, jina lililochapwa juu ya stempu halitoshi kuitambulisha. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli hiyo. Wakati huo ufuo huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Aprili 1902. Kwa hiyo stempu ya Uganda yenye muhuri wa mahali pa ufuo huu, na tarehe iliyotangulia siku hiyo, haina kosa: inafuata mpaka wa zamani. Mwaka 1903 zilitolewa stempu za pamoja za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Kenya ilifanywa koloni mwaka 1920, lakini stempu zenye majina ya Kenya na Uganda hazikutoka hadi 1922. Mwaka 1935 jina la Tanganyika likaongezwa. Tangu hapo barua iliyopelekwa kutoka Kisumu, Entebbe au Mwanza iliweza kubeba stempu ile ile.

Pili, karatasi yenyewe husaidia kukadiria wakati. Stempu hulazwa kifudifudi juu ya kitu cheusi, au huinuliwa mbele ya mwanga, ili alama ya maji ionekane. Stempu za thamani ndogo za Mfalme Edward VII za 1903 zina taji moja na herufi CA. Katika zilizoanza kutolewa 1904 alama hiyo imerudiwarudiwa karatasi nzima. Meno nayo huhesabiwa katika urefu wa sentimita 2, kwa kuwa picha moja yaweza kuwa na hesabu mbalimbali. Hata mchoro hutaka jicho kali: katika stempu ya senti 5 ya mwaka 1935, yenye picha ya jahazi katika Ziwa Viktoria, ziko ambazo kamba ya kushoto imegusa tanga, na ziko ambazo haikuligusa.

Tatu ni hali. Unyevu huzaa madoa ya hudhurungi na kugandamanisha stempu zilizopangwa pamoja. Mahali palipobanduliwa vibaya karatasi huwa nyembamba, na mwanga hupafichua. Hapana budi kuzitazama kwa tahadhari zaidi stempu za thamani kubwa. Hizo zilitumika pia kulipia ushuru wa hati, na wako waliofuta wino wa kalamu kisha wakapiga muhuri wa bandia. Rangi iliyopauka na mabaki ya mistari ya kalamu chini ya muhuri ni dalili za udanganyifu huo.

Yafaa izingatiwe kwamba, baada ya vipimo vyote hivyo, stempu ya pamoja iliyo safi kabisa haiwezi kusema kama iliwahi kufika Kisumu. Alama ya maji hutaja toleo, na meno hutaja mashine. Mahali na siku hutajwa na muhuri peke yake. Si bure kwamba Kiswahili huita alama hiyo kwa neno lile lile la kuthibitisha hati. Bahasha nzima husema zaidi. Barua za ndege za mwaka 1931, safari za Imperial Airways zilipoanza kupitia Kisumu, huweza kuwa na muhuri wa kupelekwa mbele, na wa kupokelewa nyuma. Safari nzima husomeka hapo.

Aibanduaye stempu katika bakuli la maji ili aisafishe hupata kipande kizuri cha karatasi. Bahasha aliyoitupa ndiyo iliyokuwa na anwani, njia na tarehe. Kwa mwanahistoria wa ufuo huu, hasara hiyo haina gundi ya kuiunga.