Wahusika na undugu katika tamthilia na hadithi fupi: usomaji kutoka Busia na Tororo

Uchambuzi wa wahusika na undugu ni namna ya kusoma tamthilia na hadithi fupi inayoanza na nafasi ya mtu katika familia kabla ya kufika kwenye tabia yake. Msomaji huuliza mhusika ni mtoto wa nani, ameolewa katika ukoo gani, nani humwamkia kwa kupiga magoti, na ni deni gani aliloachiwa na marehemu. Makala hii inaueleza usomaji huo kwa kutazama Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako watu wa ukoo mmoja huishi chini ya bendera mbili.

Eneo na watu wake

Busia ni miji miwili iliyopakana: mmoja ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, mwingine uko Uganda, katika wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Hadi mwaka 1902 hapakuwa na mpaka hapa. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika karibu na Naivasha, ndipo Waingereza wakauhamishia upande ambao leo ni Kenya. Wasamia wakajikuta pande zote mbili za Mto Sio, na Wateso wakagawanyika kati ya Tororo na sehemu ya kaskazini ya Busia ya Kenya. Jopadhola wa Tororo nao husimulia asili inayowaunganisha na Wajaluo wa Nyanza. Mahari, mazishi na kesi za ardhi huvuka mpaka huu kama kawaida, na mtu aliyelelewa hapa huijua tamthilia ya familia kabla hajafungua kitabu.

Zoezi la darasani na upungufu wake

Nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya fasihi. Mtahiniwa hupewa dondoo, huliweka katika muktadha wake, kisha hutaja sifa za msemaji. Kutoka kwa E. M. Forster, aliyechapisha mihadhara yake kuhusu riwaya mwaka 1927, walimu wamerithi mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara. Zana hizi zina faida yake. Tatizo ni kwamba zimezoeza wanafunzi kuorodhesha vivumishi: mkatili, mwenye tamaa, mvumilivu, msaliti. Orodha ya namna hiyo humtazama mtu kana kwamba alizaliwa peke yake. Katika kazi nyingi za ukanda huu, kinachomsukuma mhusika ni cheo chake cha kindugu. Kaka mkubwa, mke mwenza, mjane na mkwe kila mmoja ana wajibu uliomtangulia, na tabia yake huonekana katika namna anavyoubeba wajibu huo au anavyoutupa.

Mkuki na ushanga

Mfano ulio wazi zaidi ni kisa cha Gipir na Labongo, ndugu wawili wa masimulizi ya Waluo wa kale. Mshairi na mwandishi wa tamthilia Tom Omara wa Uganda alikitumia katika tamthilia yake The Exodus, iliyomo katika mkusanyo wa tamthilia fupi za Afrika Mashariki uliohaririwa na David Cook na Miles Lee mwaka 1968.

Masimulizi hutofautiana kuhusu nani alifanya nini, lakini kiini ni kimoja. Tembo anavamia shamba. Ndugu mmoja, kwa haraka, anaunyakua mkuki wa mwenziwe na kumchoma mnyama, naye tembo anatoweka na mkuki mwilini. Mwenye mkuki anakataa fidia ya aina yoyote, anautaka uleule. Mkosaji anasafiri hadi nchi ya tembo, anasaidiwa na bikizee, anarudi na mkuki pamoja na shanga. Baadaye mtoto mchanga wa yule aliyedai mkuki anameza ushanga mmoja. Sasa zamu imegeuka: mwenye ushanga anautaka uleule. Mtoto anapasuliwa tumbo, na ndugu wanaachana milele karibu na Mto Nile.

Mwanafunzi aliyezoea vivumishi ataandika kwamba ndugu wote wawili wana kisasi na ukaidi, na atapata alama zake. Lakini uzito wa kisa uko kwingine. Kwa hesabu ya undugu wa Waluo, kama ilivyo kwa Waswahili wenye baba mkubwa na baba mdogo, mtoto wa ndugu yako ni mwanao. Anayedai ushanga anaamuru mwanawe mwenyewe apasuliwe. Hapo ndipo ukoo unapovunjika, kwa kuwa baba mdogo amechagua kuwa mdai mbele ya mtoto ambaye alipaswa kuwa mlezi wake. Madai ya mkuki yalikuwa makali, ila yalibaki kati ya watu wazima wawili walio sawa. Madai ya ushanga yameshuka kizazi kimoja. Jambo jingine hujitokeza mara tu tukichora mchoro wa ukoo wa kisa hiki: mama wa mtoto, mwanamke aliyeolewa kutoka ukoo mwingine, katika simulizi nyingi hana hata neno moja. Kimya chake kinastahili kuhakikiwa kwa makini zaidi kuliko ukaidi wa wanaume hao.

Binti, mjane na shamba

Hadithi fupi ya Grace Ogot, The Rain Came, iliyo katika mkusanyo wake Land Without Thunder wa mwaka 1968, inaleta mtihani wa baba. Chifu Labong'o anaambiwa kwamba mvua haitanyesha mpaka binti yake Oganda atolewe kwa zimwi la ziwani. Jamaa wanapokaa faraghani kulijadili jambo hilo, Oganda anadhani wanazungumzia posa, na anaanza kuwapima moyoni vijana wanaoweza kuwa wachumba wake. Kosa lake lina msingi. Katika ukoo wa namna hii, kikao cha wazee kinachomhusu binti kwa kawaida huwa cha kumwoza, na maandalizi ya kumtoa sadaka yanafanana mno na maandalizi ya arusi: karamu, jamaa kukusanyika, kuagwa. Ogot ameweka ndoa na kafara katika chombo kimoja bila kuhubiri. Anayemwokoa Oganda ni mpenzi wake Osinda, mtu ambaye ukoo haujampa nafasi yoyote ya kusema.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika The Black Hermit akiwa Makerere, nayo ikachezwa Kampala Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru wa Uganda. Remi anatakiwa amchukue Thoni, mjane wa kaka yake. Alimpenda Thoni kabla ya kaka yake kumwoa, lakini hakuwahi kusema; sasa anadhani mwanamke huyo anampokea kwa sababu ya desturi tu, naye anakimbilia mjini. Thoni anajiua. Hadithi ni ya kabila la kubuni, lakini msomaji wa Padhola, Samia au Teso, ambako kumrithi mjane kulijulikana vizuri, huelewa mara moja fundo lake: Thoni anaonewa haya na kukataliwa katika cheo kilekile ambacho wazee wamempa. Kumwita mnyenyekevu ni kumwonea mara ya tatu.

Francis Imbuga (1947–2012), mzaliwa wa Maragoli, si mbali na Busia, aliuweka mzozo kwenye ardhi. Katika Aminata, tamthilia ya mwaka 1988, binti aliyeolewa anaachiwa sehemu ya shamba na baba yake, na kaka yake Ababio hakubali. Anayesoma ataona kwamba Ababio si mchoyo tu. Anatetea mfumo uliomwahidi tangu utotoni kwamba dada huondoka na kaka hubaki, na Imbuga anaufanya mfumo huo ushtakiwe na mtu wa ndani.

Jukwaa

Tamthilia hukamilika ikichezwa, na hapa undugu huonekana kwa miili. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti kwa Wateso wa Kenya, alieleza jinsi watu wanavyoketi kuzunguka chungu cha pombe chenye mirija mirefu kwa kufuata rika, heshima na ukwe. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Mwongozaji anayeigiza kikao cha namna hiyo huko Malaba, mji mwingine wa mpaka huu, akimketisha mkwe mbavuni mwa mama mkwe wake, watazamaji watashtuka kabla neno lolote halijasemwa. Nairobi huenda hakuna atakayegutuka. Vivyo hivyo mkaza mwana anayemsalimu baba mkwe akiwa amesimama wima. Maelekezo ya jukwaani yanayohusu kuketi, kupiga magoti na kupisha njia yasomwe kwa uangalifu uleule wa mazungumzo.

Vitabu vya Kiswahili

Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, iliyoteuliwa kutahiniwa katika KCSE, inafaa sana kwa usomaji huu. Sara anaugua. Yona, mumewe, aliwahi kuchekwa na watu kwa kuwa wamezaa mabinti bila mtoto wa kiume, akazama katika ulevi. Anayebeba gharama ya matibabu ni Neema, mmoja wa mabinti hao, ambaye sasa ni mke wa mtu. Deni la binti aliyeolewa kwa wazazi wake, na subira anayodaiwa mumewe Bunju, ndilo swali linaloisukuma tamthilia. Katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, hadithi ya Alifa Chokocho, Masharti ya Kisasa, inaushusha mzozo hadi kwa wanandoa wawili: Dadi, mchuuzi wa samaki, na Kidawa, mkewe aliyeingia katika ndoa kwa masharti yake mwenyewe. Huko undugu mpana haupo kabisa, na wivu wa Dadi hauna wazee wa kuupoza.

Upande wa Uganda, baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu kama hivi vikifika Tororo vitakutana na masimulizi ambayo tayari yapo. Bethwell Ogot alikusanya mapokeo ya Padhola na kuyachapisha mwaka 1967 katika historia yake ya Waluo wa kusini. Humo wamo Adhola na Owiny, ndugu wengine wawili walioachana: Adhola akabaki na kuwa babu wa Jopadhola, wafuasi wa Owiny wakaendelea mashariki hadi Kenya. Hapa hakuna mtoto aliyepasuliwa, na waliobaki na walioondoka wote wanaendelea kuitana ndugu. Kukiweka kisa hiki kando ya kile cha Gipir na Labongo ni zoezi zuri kwa darasa lolote la mpakani, kwa maana kinauliza ni nini hasa huwafanya ndugu wawili waweze kutengana bila mtoto kulipa.