Sura ya Mama kwa Rangi Moja

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ya ukoo na uongozi wake vilipita kwa wajomba na wapwa, na wakuu wa Kinole wamerithishana jina moja la Kingalu: mmoja akifa, mwingine hulivaa. Ingedhaniwa kwamba watu wanaomtukuza mama kiasi hicho wangekuwa na desturi ya kale ya kuchora sura yake. Hawakuwa nayo. Walikuwa na mwana hiti, kinyago cha mti wanachokijua pia Wazaramo na Wakwere, alichopewa mwali alipowekwa ndani. Kina kiwiliwili, matiti na kishungi cha nywele. Mikono na miguu hakina, na uso wake si wa mtu yeyote. Ni mama wa ukoo mzima.

Mama wa fulani aliletwa na kamera, naye alikuja kwa weusi na weupe tu. Wachoraji wetu walishughulika na mengine. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na London, alipenda wanakijiji wakiwa kazini. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 mjini Dar es Salaam, alipaka wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za madukani.

Sisi tulipotaka kumchora marehemu mama yetu, hapa Mafiga, tulikuwa na picha moja tu ya kitambulisho. Kanga yake ilizua ugomvi: dada alishika kwamba ilikuwa nyekundu, mjomba akasema buluu. Ndipo tulipoamua kutumia rangi moja, ile ya udongo wa kahawia, ambayo haimwongopei mtu kwa jambo asilolijua.

Ubao ulipakwa nyeupe ukaachwa ukauke. Kisha tulitandaza kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, tukaifuta kwa kitambaa pale mwanga ulipoangukia: paji la uso, ubavu wa pua, shavu la kushoto. Palipofutwa weupe wa chini ulichomoza. Palipoachwa pakawa kivuli. Wachoraji wa Ulaya tangu zamani wameanza hivyo, wakaja kufunika kwa rangi nyingine. Sisi tulikomea hapo. Udongo huo una manganizi, nayo huharakisha mafuta kukauka, hivyo muda wa kusahihisha si mrefu.

Macho yalitushinda. Tuliyatia kivuli kupita kiasi, na mjomba alipoletwa kutazama alinyamaza kitambo.

“Huyu si dada,” akasema. “Huyu ni mama.”

Bibi yetu hakupata kupigwa picha hata mara moja. Rangi ilikuwa bado mbichi, nasi tulikwisha shika kitambaa ili tuyafute macho yale tuanze upya. Mjomba akatuzuia mkono.

Picha hiyo iko kwa dada. Wanawe ndio wa ukoo. Wa kwetu ni wa ukoo wa mama yao.